Kwa nini utando wa paladiamu kwenye sensa ya haidrojeni unatoka malengelenge? Jibu kwa fundi sola wa Wete

Waaleykum salaam fundi. Swali lako nalifupisha hapa ili na wengine wafaidike. Wewe ni fundi sola wa Wete, umefunga betri nne za 12V, zile za maji ya asidi, kwenye chumba kidogo cha nyumba ya wageni, na juu ya mlango ukaweka kifaa cha kunusa haidrojeni. Mwanzo kilifanya kazi vizuri, sasa hakirudi sifuri, hata ukikitoa nje kwenye upepo kinaonesha gesi ipo. Ukakifungua, ndani ukakuta kijikioo kimepakwa utando wa rangi ya fedha, ukautizama kwa lenzi ukaona umetoka malengelenge na pembeni umeanza kubambuka. Unauliza, si ndo hii paladiamu inayosifiwa kunywa haidrojeni kuliko metali nyengine? Mbona imeharibika kwa kazi ileile ilowekewa, na je inarudi?

Nianze na jibu fupi. Hairudi. Utando ushajitenga na kioo na metali yenyewe ishakunjika, hakuna dawa ya kuulaza tena. Na tafadhali usikitegemee kifaa hicho kulinda chumba hata siku moja zaidi, mana kengele ikizowea kulia ovyo watu wanaizima, siku gesi ikija kweli hapana anaestuka. Sababu ya kuharibika ni hii: paladiamu haikushindwa kunywa, imekunywa sawasawa, tatizo ni kuwa imegandishwa juu ya kitu kisichokunywa. Kipande kinene cha paladiamu kingefura na kunywea zake kwa raha, utando hauna uhuru huo, na ukilifahamu hilo utafahamu karibu kila kitu cha ajabu kinachotokea kwenye tando nyembamba za metali zikikutana na haidrojeni.

Tuanze na inavoingia. Haidrojeni hewani inatembea mbili mbili, molekuli moja ina atomu mbili zimeshikana kwa nguvu. Molekuli ikigusa uso wa paladiamu safi inakatika vipande viwili hapohapo, bila moto wala umeme, kisha kila atomu inazama ndani na kukaa kwenye nafasi zilizobaki wazi baina ya atomu za paladiamu. Thomas Graham, mkemia wa Scotland ambae wakati huo alikuwa msimamizi wa kiwanda cha sarafu cha Uingereza, ndie alieonesha mwaka 1866 kuwa paladiamu inaweza kumeza haidrojeni ya ujazo wa mara 600 mpaka 900 ya ujazo wake. Watu wengi wanaisoma hiyo mara 900 wakadhani ni chumvi imetiwa, lakini ukifanya hesabu kwa atomu saba za haidrojeni kwa kila atomu kumi za paladiamu unaikuta hapohapo.

Sasa sikiliza hapa vizuri, mana ndipo kifaa chako kilipokwama. Kunywa huku hakuendi kwa mwendo mmoja. Gesi ikiwa kidogo, paladiamu inachukua kidogo, atomu moja au mbili hivi za haidrojeni kwa kila atomu mia, hali hii wataalamu wanaiita alfa. Kwenye hali hii kiasi kinachoingia kinafuata mzizi wa pili wa presha ya gesi (ni kanuni ya Sieverts, inatokana na kule molekuli kukatika vipande viwili), kwa hiyo gesi ikizidi mara nne, kilichoingia kinazidi mara mbili tu, na fundi anaepiga mstari ulionyooka baina ya usomaji na gesi anajidanganya. Halafu presha ikifika mahali fulani paladiamu inaanza kujaa kwa ghafla, inaruka kutoka kwenye hizo moja mbili mpaka sitini na zaidi kwa kila mia, na hiyo ndo hali ya beta. Baina ya alfa na beta hakuna hali ya katikati iliotulia, unakuta sehemu moja ya metali iko alfa na jirani yake iko beta. Kuruka huku kwa joto la kawaida la chumba kunatokea kwenye presha ya karibu milibari 10 mpaka 20. Na milibari 10 ni ngapi hewani? Ni asilimia 1 ya hewa tunayovuta. Haidrojeni inaanza kuwaka ikifika asilimia 4 ya hewa, na mafundi makini wanataka kengele ilie ikifika asilimia 1, yaani robo ya hapo. Kwa hiyo paladiamu tupu imewekewa mruko wake palepale ambapo wewe unataka iwe imetulia na kusoma vizuri! Mie naona huu ndo ubaya mkubwa wa sensa za rahisi, wala hauandikwi kwenye boksi.

Mruko huo una ukubwa wake. Atomu za paladiamu zimepangika kama visanduku vinavojirudia, upande wa kisanduku kimoja ni nanomita 0.389 (nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni), ikifika beta unakuwa karibu 0.4025, yaani kila upande umerefuka kwa asilimia 3 na nusu, na ujazo wote umeongezeka kwa asilimia 10 na ushei. Kipande kinachoning'inia peke yake kinafura kote sawa. Utando wako je? Chini umeshikwa na kioo, kioo hakifuri hata chembe, kwa hiyo kwa upana na kwa urefu utando hauna pa kwenda. Njia ilobaki ni moja tu, juu. Umewahi kuuona ukuta wa mawe wa Mji Mkongwe ulopigwa plasta ya saruji badala ya chokaa, unyevu na chumvi vinasukuma kwa ndani, plasta inatumbuka inafura inadondoka vipande, sasa na hapa ni msukumo wa namna hiyo ila unatoka ndani ya plasta yenyewe.

Hesabu yake inatisha kidogo. Ukichukua ugumu wa paladiamu na hiyo asilimia 3 na nusu ilozuiwa, mkazo unatoka karibu gigapaskali 7 (gigapaskali ni paskali bilioni moja, kipimo cha mkazo), wakati nondo nzuri ya kujengea inaanza kurefuka bila kurudi kwenye karibu nusu gigapaskali. Bila shaka utando haufiki huko kwenye 7, kabla ya hapo metali inasalimu amri, safu za atomu zinateleza, punje za metali, yaani fuwele ndogondogo zinazoiunda, zinasogeana, mkazo unapungua. Lakini hata gigapaskali moja au mbili zilizobaki zinatosha kuunyanyua utando kwenye kioo, ukaanza kupinda juu kama mikunjo, na mikunjo ikikutana ndo yale malengelenge ulioyaona kwa lenzi.

Na hapa pana jambo ambalo watu wengi wanalielewa kinyume. Mtu anafikiri utando mnene ndo wenye kustahamili, kumbe mnene ndo unaobanduka mwanzo. Sababu ni kuwa nguvu inayoshikilia utando na kioo inahesabika kwa eneo, kila mita mraba ina gundi yake na haiongezeki ukizidisha unene, lakini nishati iliyobanwa ndani ya utando inaongezeka kila unene unapoongezeka. Chukua mkazo wa gigapaskali moja: utando wa nanomita 100 unabeba karibu nusu joule kwa kila mita mraba, wa nanomita 10 unabeba moja ya kumi ya hiyo. Paladiamu haishikani na kioo kwa nguvu, ni metali isiyopenda oksijeni ya kioo, ndo mana huo wa nanomita 100 unaweza kung'oka na wa 10 ukabaki umelala palepale. Watengenezaji wanaojua kazi wanatanguliza tabaka la titaniamu au kromiamu la nanomita chache tu, hizi zinashika kioo vizuri, kisha juu yake ndo paladiamu.

Umeuliza pia mbona usomaji haurudi sifuri hata nje kwenye upepo safi. Kifaa chako hakipimi gesi yenyewe, kinapima ukinzani wa umeme wa ule utando, na haidrojeni ikiingia ukinzani unapanda kwa sababu elektroni zinapata vikwazo. Sasa utando ulokunywa ukabanwa mpaka safu zake zikateleza, ukimwaga haidrojeni yake unataka kusinyaa, lakini ushazowea umbo jipya, kwa hiyo kutoka kwenye kubanwa unaingia kwenye kuvutwa, na kuvutwa kunaleta nyufa. Ufa ni njia ilokatika, ukinzani unapanda na haushuki tena, hiyo si gesi bali ni kovu. Mara ya kwanza kuvuka kwenda beta ndo inayofanya uharibifu mkubwa zaidi, zile zinazofuata zinamalizia. Juu ya hayo, haidrojeni nyengine inanasa kwenye mipaka ya punje na kwenye kasoro zilizotengenezwa na kule kuteleza, inachelewa kutoka, na hata ikiwa utando ni mzima mruko wa kwenda na mruko wa kurudi hauko kwenye presha moja, kurudi kunataka presha ishuke zaidi.

Kuna na joto, hili usilidharau hasa huku kwetu. Ukinzani wa paladiamu unapanda karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya joto. Chumba cha betri chenye bati juu kikipanda digrii kumi kutoka alfajiri mpaka saa nane mchana, hiyo ni karibu asilimia 4, na ishara ya gesi kwenye hali ya alfa ni asilimia chache vilevile. Sensa nzuri ina utando wa pili uliofunikwa usipate gesi, unaona joto tu, kisha saketi inatoa usomaji wa mmoja kwenye wa mwengine. Chako ukikuta kina utando mmoja peke yake bila mwenzake na bila kipimo cha joto, basi hata kilipokuwa kipya kilikuwa kinasoma jua.

Nisikae kwenye ubaya tu. Kule kubanwa na kioo kunaleta na mambo mazuri sana ambayo kipande kinene hakina. Kule Göttingen, Ujerumani, wanasayansi Astrid Pundt na Reiner Kirchheim na wenzao wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya tando za paladiamu na za metali nyengine iitwayo niobiamu, wakaonesha kuwa mkazo na mipaka ya punje vinabadilisha hata zile sheria za kunywa: utando unapokea haidrojeni nyingi zaidi kwenye presha ndogo kwa sababu mipaka ya punje ni nafasi za ziada, mruko unapoteza ukali wake ukawa mteremko, na tando za niobiamu zikiwa nyembamba sana, nanomita chache, ule mgawanyiko wa hali mbili unaweza kuzuilika usitokee kabisa. Fikiri maana yake, metali ni ileile, gesi ni ileile, joto lilelile, na kilichobadilika ni unene na kitu ilichogandishwa. Kwa mie hichi ni kitu kitamu sana cha fizikia na natamani vijana wetu wa skuli wangekisikia mapema, mana wanafundishwa kuwa tabia ya metali iko ndani ya metali tu, wakati mpaka wake na jirani yake na wenyewe una kauli.

Mfano mwengine ninaoupenda ni wa Amsterdam. Mwaka 1996 Huiberts, Griessen na wenzao wa Vrije Universiteit walichukua tando za metali za itriamu na lanthanamu, wakazifunika juu kwa paladiamu nyembamba sana ili zisipate kutu na ili haidrojeni ipate mlango wa kuingilia. Utando wa itriamu ukiwa na haidrojeni mbili kwa kila atomu unang'ara kama kioo cha kujitizamia, ukiongeza presha mpaka ukaribie tatu unakuwa wazi, unaona upande wa pili, umanjano kidogo, na ukipunguza gesi unarudi kung'ara. Kioo cha kujitizamia kinageuka dirisha mbele ya macho yako! Kipande kinene cha itriamu ukikifanyia hivo kinapasuka kinakuwa unga, hapana anaeweza kuona chochote, na utando kwa kuwa umeshikwa unabaki mzima. Kwa hiyo kule kushikwa ambako kumekuharibia sensa ndo kulikowapa wao ugunduzi.

Turudi Wete. Sensa ya namna hii ikipungua kasi, si kwa sababu haidrojeni inachelewa ndani, mana kupenya nanomita 100 za paladiamu ni jambo la chini ya elfu moja ya sekunde. Kinachochelewesha ni uso, pale molekuli inapokatika. Uso ukichafuka mlango umefungwa, na adui mkubwa wa uso wa paladiamu ni salfa. Gesi ya salfidi ya haidrojeni, ile ya harufu ya mayai viza, inakaa juu ya atomu za paladiamu na haibanduki kirahisi. Huku kwetu inatoka wapi? Kwenye tope la mikoko, kwenye mwani ulorundikwa ukaoza, na kubwa zaidi kwenye betri zako zenyewe, mana betri ya risasi na asidi ikichajiwa kupita kiasi mpaka ikapata moto inatoa gesi hiyo pamoja na haidrojeni. Yaani kosa lilelile la chaji linaleta gesi unayotaka kuipima na sumu inayoua kipimo. Ukiwahi kusikia harufu hiyo chumbani, zima chaji toka nje acha hewa iingie, mana gesi hiyo inadhuru na mtu pia, na ikizidi pua inakufa ganzi huisikii tena.

Hebu tupige na hesabu ya chumba, mana nadhani malengelenge yako yametokana na chaji ilozidi. Betri ikishajaa, kila ampea-saa moja inayozidi (ampea moja kwa muda wa saa moja) inatoa karibu lita 0.45 za haidrojeni kwenye kila seli. Betri moja ya 12V ina seli sita ndani, kwa hiyo zako nne zikifungwa mfululizo ni seli 24, kwa hiyo ni karibu lita 11 kwa kila ampea-saa. Tuseme kontrola, kile kifaa kinachopanga chaji ya sola kwenda kwenye betri, imeachia ampea 5 kwa masaa manne baada ya kujaa, hizo ni ampea-saa 20, zaidi ya lita 215. Chumba cha mita 2 kwa 2 na kimo cha mita 2 na nusu kina lita 10,000, kikifungwa hakina tundu unafika asilimia 2 na zaidi ukigawa sawasawa, na haidrojeni haigawanyiki sawasawa mwanzo, inakimbilia dari, kwa hiyo huko juu ni zaidi ya hapo. Kila siku ya jua kali utando wako ulikuwa unavushwa kwenda beta mchana na kurudishwa usiku. Haukuwa na maisha marefu.

Kwa hiyo cha kwanza si sensa, ni kontrola. Tizama imewekewa volti ngapi za kumalizia na kama ina waya wa kupima joto la betri, mana joto likiwa juu volti ya chaji lazima ishushwe, karibu milivolti 4 kwa kila seli kwa kila digrii juu ya 25, na kontrola nyingi zinafungwa waya huo ukabaki kwenye boksi. Kisha toboa matundu, moja chini la kuingiza hewa, jengine juu kabisa ukutani chini ya dari, sio usawa wa dirisha, na lisifunikwe na boriti.

Sensa mpya ukinunua, muulize muuzaji swali moja, utando wake ni paladiamu tupu au aloi. Unataka aloi. Paladiamu ikichanganywa na nikeli inakuwa na nafasi ndogo, inakunywa kidogo, na mruko wa alfa kwenda beta unaondoka kabisa au unasogezwa mbali kwenye presha ambayo chumba chako hakitafika. Robert Hughes na wenzake wa maabara ya Sandia, Marekani, waliionesha njia hiyo tangu miaka ya 1990. Dhahabu pia inasaidia, na fedha asilimia 23 mpaka 25 ndo aloi inayotumika kwenye vichujio vya kusafishia haidrojeni. Aloi inatoa ishara ndogo kuliko paladiamu tupu, wauzaji wengine wanaifanya hiyo kuwa kasoro, mie kwa chumba cha betri naitaka ishara ndogo inayorudi kuliko kubwa isiyorudi. Muulize pia kama ina utando wa pili wa kufidia joto, akikosa jibu la maswali hayo mawili achana nae.

Ya zamani usiikwangue wala usiipashe moto kwa matumaini ya kuirejesha. Joto la wastani linaweza kutoa haidrojeni ilonasa kwenye utando mzima, halilazi utando ulobanduka, na moto karibu na chumba cha betri hata usiufikirie. Wala usiijaribu mpya kwa gesi ya kiberiti kama wafanyavo wengine, ile ni butani, paladiamu haiinywi, kwa hiyo kimya chake hakikwambii kitu. Tafuta silinda ndogo ya gesi ya kupimia yenye haidrojeni asilimia 1. Sensa mpya ifunge karibu na dari, mbali na tundu la kuingizia hewa, halafu kila wiki uandike usomaji wake alfajiri kabla jua halijapanda na betri hazijaanza kuchaji, pamoja na joto la chumba. Sifuri ikianza kuhama upande mmoja wiki baada ya wiki wakati joto ni lilelile, ifungue uitizame kwa lenzi yako kabla hujasubiri malengelenge yajitokeze makubwa, na ukinipigia picha ya karibu ya pembeni mwa utando ntakwambia kama ni ufa au ni uchafu wa salfa.